Bienaimé na Keekee ya Barafu

Friza yangu kubwa ni ya samaki. Ndiyo kazi yake, na kila mteja anayeingia dukani kwangu hapa Brussels, nyuma ya stesheni ya Gare du Nord, anajua kwamba akiifungua atakuta mukeke, sangala na ndagala wa Ziwa Tanganyika, wamegandishwa vizuri na kupangwa kwa adabu. Basi mwezi wa kwanza mwaka huu mama mmoja aliingiza mkono akitafuta mukeke, akatoka na kigurudumu cha chuma kilichozungushiwa mshipi wa kuvulia. Akanitazama. Nikamwambia, "Hicho hakiuzwi, mama. Hicho ni cha Bienaimé." Alikuwa anamfahamu Bienaimé, kwa hiyo akakirudisha mahali pake na kuendelea kutafuta samaki.

Bienaimé ni rafiki yangu, na kuna siku nalisema hilo kwa hasira. Mimi naitwa Abeid, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Yeye ni wa Uvira, ng'ambo ya pili ya ziwa lile lile, na tangu tufahamiane hatujakubaliana ndagala wa upande gani ni watamu zaidi. Anakaa Ganshoren, mtaa mtulivu mpaka mtu akikohoa jirani anachungulia dirishani. Kazi yake iko upande wa pili wa jiji kabisa, hospitalini Woluwe, ambako anasukuma vitanda vya wagonjwa kutoka wodini kwenda kwenye upasuaji na kuwarudisha. Wagonjwa wanampenda kwa sababu anaongea nao njia nzima, hata wale waliokwisha kulazwa usingizi kwa dawa. Akitoka kazini anapitia kwangu, ingawa duka langu haliko njiani kwake hata kidogo.

Mke wake alifariki binti yao, Abigaël, akiwa bado shule ya msingi. Dada mkubwa wa Bienaimé, Maman Rolande, anayetunza wazee kwenye nyumba ya kupumzikia hapo hapo Ganshoren, alimsaidia kulea. Lakini nywele za mtoto yule zilisukwa na Bienaimé mwenyewe, kwa mikono ile ya kusukumia vitanda, na zilisukwa vibaya. Tuliziona wote na tukanyamaza. Mtoto alikwenda shule na mistari iliyopinda kichwani, na alikuwa anatembea kwa maringo kama binti wa mfalme.

Abigaël huyo ndiye aliyekwenda kusoma Ufini, akapata kazi huko, akapata na mchumba. Kijana anaitwa Ilkka. Alikuja Brussels wakati wa Noeli, akala sombe, kisamvu chetu, akaomba tena, akaosha vyombo bila kuambiwa. Bienaimé hakuwa na neno baya juu yake.

"Mutoto ni muzuri," aliniambia. "Lakini mutoto hajiombei bibi ye mwenyewe. Baba yake iko wapi?"

Baba yake alikuwa kijijini kwake, kaskazini kabisa, anaitwa Tauno. Mzee hapandi ndege, hapendi miji, na maneno anayosema kwa wiki nzima ungeweza kuyabeba kwenye mfuko wa shati. Alipofikishiwa ujumbe kwamba baba wa msichana anangoja kuombwa binti yake, alipitisha siku kadhaa. Halafu akajibu kwa kinywa cha mwanawe: aje mwezi wa tatu, barafu ikiwa bado na nguvu, tukae ziwani tuvue samaki.

Abigaël akampigia baba yake simu kwa furaha. Kwa mzee yule, alisema, kumwita mtu kwenye barafu yake si jambo dogo. Hata baadhi ya ndugu zake hajawahi kuwaita. Akaongeza jambo ambalo Bienaimé alilirudia kwangu mara nyingi: hataolewa bila neno la baba yake, na neno hilo analitaka litolewe mbele ya mzee Tauno, uso kwa uso. Barafu ikiyeyuka, mzee anaingia msituni kukata miti, na habari hiyo itangoja mpaka mwaka mwingine.

Maman Rolande aliposikia, alifika Gare du Nord na gauni lake la kazi, akasimama katikati ya duka langu.

"Bienaimé, nani iko anaoa nani?" alimuuliza. "Tangu lini baba ya mwanamuke anabeba muguu yake kwenda kwa bakwe, mbele bale hawajapiga hata hodi? Na mikono yabo iko tupu? Non. Bakuje bo."

Haki ilikuwa upande wake. Kwao na kwetu pia, upande wa kijana ndio unaokuja, na hauji mikono mitupu. Lazima kitu kitoke mkononi mwao kiingie mkononi mwa upande wa msichana, hata kiwe kidogo, ndipo mlango ufunguke. Baba wa binti akienda mwenyewe kabla ya hapo, ni kama amempeleka mtoto wake sokoni.

Bienaimé akabaki katikati, dada huku na binti kule. Hakusema anakwenda, hakusema haendi. Alichosema ni hiki: "Bon. Kwanza nitafute vyombo. Siwezi enda kwa muzee wa batu kuazimiwa fimbo sawa mutoto mudogo."

Tangu siku hiyo hatukupumzika.

Kanuni yake ilikuwa rahisi: vitu vyote kwa pamoja visizidi bei ya tiketi yake ya ndege. Duka moja la michezo lilimwonyesha mavazi na vifaa vipya, akashika lebo ya bei, akairudisha taratibu kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Basi tukaenda Place du Jeu de Balle, kwenye soko la vitu vikuukuu, ambako mali za waliokufa na waliohama zinamwagwa juu ya mawe kila asubuhi. Kati ya vinara vya mishumaa na viti visivyo na mguu tulikuta keekee ya kutobolea barafu. Ilikuwa ya mkono, ndefu kama mtoto wa miaka kumi, chuma chake kilichojisokota kama skrubu kimekwaruzika, na chini ina visu viwili bapa vilivyofungwa kwa skrubu. Muuzaji mwenyewe hakujua ni kitu gani. Alidhani ni ya kuchimbia mashimo ya nguzo.

"Trente," akasema muuzaji, yaani euro thelathini.

"Trente, na hii kutu?" Bienaimé akauliza, akiinusa kana kwamba ni samaki. "Quinze, na unanipa na ile ndoo."

Akaipata kwa hiyo quinze, kumi na tano, bila ndoo. Ndoo ya kukalia alipewa bure kwenye kibanda cha chipsi karibu na kwake, ile kubwa ya plastiki ya mayonezi. Aliiosha kwa siki na maji moto mpaka ikaacha kunuka, akakata sponji la godoro bovu akalibandika kwenye kifuniko. Niliikalia, na nasema ukweli, ni laini kuliko kiti changu cha kaunta. Fimbo za kuvulia zilikuwa rahisi kuliko vyote, maana kwenye barafu mtu hahitaji fimbo ndefu: samaki yuko chini ya miguu yako, huna sababu ya kurusha mbali. Alichukua fimbo iliyovunjika ncha, ambayo mtu aliitupa, akaikata fupi, akatengeneza kishikio kwa vizibo vya chupa za mvinyo. Upawa wenye matundu wa kuondolea vipande vya barafu shimoni aliutoa jikoni kwake. Misumari miwili yenye vishikio vya mti, iliyounganishwa kwa kamba ya kuvaa shingoni, alitengeneza mwenyewe. Hiyo ni ya kujivuta ukitumbukia. Alinieleza matumizi yake kwa uchangamfu mkubwa, nikamwambia kwamba mimi kazi yangu ni kuuza samaki waliokwisha kufa, na naishukuru.

Viatu ndivyo alivyokubali kutumia fedha. "Muguu ikiganda, hata keekee ya dhahabu ni bure," alisema, na hapo alisema kweli. Alinunua vikubwa kwa saizi moja ili soksi mbili ziingie na hewa ibaki. Kila jioni alitoa soli za ndani na kuzikausha mbali na moto, akajaza magazeti ndani ya viatu.

Halafu ukaja utunzaji, na ndipo friza yangu ilipovamiwa. Bienaimé alikuwa amesikia kwamba kifaa kinachofanya kazi vizuri jikoni kinaweza kufa kabisa kwenye baridi ya kule. Baridi ya kule mimi ninayo hapa, alisema, akafungua friza bila kuomba. Kigurudumu cha mshipi kililala humo usiku mmoja na asubuhi hakikuzunguka. Grisi ya zamani ilikuwa imekuwa ngumu. Maman Rolande akashauri kipakwe mawese, na tukacheka wote, kwa maana mawese yenyewe hapa Brussels yanaganda kabatini na inabidi uyachimbe kwa kijiko. Bienaimé akakifungua chote, akaosha kila kipande kwa petroli, akakausha, akatia tone moja la mafuta mepesi ya cherehani. Kikarudi ndani ya friza. Safari hii kilitoka kinazunguka kama kawaida. Mshipi nao alijifunza kuutunza: anautoa, anaukausha kwa kitambaa, anapitisha vidole akitafuta palipokwaruzika, na akipapata anakata bila huruma.

Wiki zikapita hivyo. Abigaël anapiga simu, "Papa, umenunua tiketi?" Naye anajibu, "Niko natengeneza vyombo." Nilianza kuona kwamba kila kitu kikimalizika, kingine kinaharibika. Sponji halikukaa sawa. Kamba ya shingoni ilikuwa fupi. Mimi sina subira ya asili, na nilikuwa karibu kumwambia, lakini nilipomwona ameinama juu ya kaunta yangu akisugua ndoana ndogo kwa karatasi ya msasa, nikamwachia.

Kilichobaki kilikuwa visu vya keekee. Vilikuwa butu. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kosa hili lisingefanywa na Mfini yeyote. Sisi tumekulia kwenye nyumba ambazo panga na jembe vinanolewa kila siku. Mtoto anajua kunoa kabla hajajua kuandika. Unaweka maji kwenye jiwe, unalaza chuma, unasukuma huku na huku, unageuza na upande wa pili, unajaribu kwa kidole gumba. Bienaimé aliketi uani nyuma ya duka, akanoa visu vile kama panga za Uvira, pande zote mbili, mpaka vikawaka. Alinyoa navyo nywele za mkono wake kunionyesha. Nami, mtu wa visu vya samaki, nikasifu kazi.

Tukagandisha maji kwenye beseni kubwa ndani ya friza. Mukeke wangu ikabidi wahamie kwa jirani. Jumapili asubuhi tukatoa pande lile la barafu, tukaliweka uani, Rolande naye yupo, amekuja kulaumu. Bienaimé akavaa viatu vyake, akasimamisha keekee juu ya barafu, akakandamiza, akazungusha. Keekee ikazunguka vizuri sana. Haikuingia hata unene wa ukucha. Akaongeza nguvu, akalala juu yake kwa tumbo, na pande la barafu likachomoka chini kama sabuni bafuni, likavuka ua mzima na kugonga mapipa ya taka ya Mturuki wa jirani. Bienaimé alikaa chini mahali barafu ilipokuwa. Rolande alicheka mpaka akashika ukuta.

"Iko makali!" Bienaimé akapiga kelele. "Angalia, inakata nywele! Juu ya nini haikate barafu?"

Abigaël akapigiwa simu ya video, na alikuwa kwa wakwe siku hiyo. Bienaimé akainua keekee mbele ya simu. Tukaona uso wa mzee ukiingia pembeni, mwekundu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wanaume wale wawili kuonana. Mzee hakusalimu. Alisogeza uso karibu na skrini, akaangalia visu kwa muda mrefu, akasema maneno machache akatoka.

"Anasema visu vya keekee vina mlalo wake, ule mwinamo wa ukingo," Abigaël akatafsiri, kwa upole wa mtu anayepeleka habari za msiba. "Vinanolewa upande mmoja tu, na mlalo usiguswe. Ukishauviringisha, papa, vinateleza, hata viwe vikali namna gani. Haviponi tena."

"Bon. Nitanunua bingine."

"Anasema hiyo keekee imetengenezwa huku, ni aina ya zamani. Visu vyake haviuzwi tena."

Bienaimé akakata simu. Sikuwahi kumwona vile. Hakuwa na huzuni, nasema wazi: alikuwa ametulia, kama mtu aliyepewa ruhusa ya ugonjwa. Akavua viatu vikubwa, akaweka vyombo vyote kona ya stoo yangu. "Bon," akasema. "Mungu hakupenda. Tutaona mwaka kesho." Rolande, ambaye tangu mwanzo hakutaka aende, ndiye aliyemtazama mdogo wake kwa jicho jingine.

Siku chache baadaye kifurushi kikaletwa dukani, maana vifurushi vya Bienaimé huja kwangu, yeye mchana hayuko nyumbani. Kilikuwa kidogo na kizito. Stempu zilikuwa za Ufini. Nikawapigia wote wawili. Jioni walipofika Bienaimé akanyoosha mkono, na Rolande akampiga mkono ule.

"Kitu inatoka kwa bakwe, baba hafungue," alisema. "Shangazi njo anafungua."

Akaketi, akajifunika kitenge mabegani juu ya koti, akafungua kwa heshima zote. Ndani kulikuwa na visu viwili vimezungushiwa ngozi laini iliyopakwa mafuta. Havikuwa vipya. Ukingo wake ulikuwa umenolewa na mtu aliyeishi navyo miaka mingi.

Bienaimé akampigia binti yake. "Muzee amebipata wapi? Alisema habiuzwi."

Abigaël akateremsha sauti. "Amevitoa kwenye keekee yake, papa. Siku ile ile, ulipokata simu, alitoka akaenda kwenye banda. Sasa hana cha kutobolea. Jirani zake wanavua kila siku, yeye amekaa nyumbani. Ilkka akataka kumwazimia ya mtu, akakataa. Amesema anamngoja mwenye visu."

Maman Rolande akasimama. Mwanamke yule, aliyekuja dukani kwangu sijui mara ngapi kupinga safari hii, akaweka mkono mdomoni akapiga vigelegele mpaka wateja wa mbele wakachungulia. "Amepiga hodi!" akasema. "Ule muzee amepiga hodi, Bienaimé. Chuma ya mukono yake, katikati ya baridi! Unataka akuletee nini tena, ng'ombe?"

Bienaimé akavuta keekee karibu. Akachukua bisibisi, akafunga visu. Nilijua atatafuta sababu nyingine, na akaitafuta kweli: lazima vijaribiwe, alisema. Kulikuwa na barafu ya pili kwenye beseni. Safari hii Rolande aliikanyaga upande mmoja na mimi upande mwingine. Bienaimé akaweka keekee, akazungusha bila kukandamiza, na ikaingia. Iliingia yenyewe, inatema vipande vyeupe juu ya viatu vyetu, kwa sauti nzuri ya kutafuna, mpaka ncha ikagonga saruji.

Nikashangilia. Yeye akabaki ameishika keekee na kuanza kulia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, bila kujificha.

"Vyombo vyote viko tayari," akasema. "Abeid, hakubakie kitu ya kutengeneza."

"Ndiyo," nikamwambia. "Ndivyo ulivyotaka."

"Hapana. Sikutaka. Kama kitu moja iko mubovu, mutoto angali kwangu."

Rolande akamkumbatia, akamwambia yale ambayo ni dada mkubwa tu anaweza kusema: kwamba mtoto aliondoka siku nyingi, na aliondoka vizuri, na yeye ndiye aliyemtembeza mpaka akajua kutembea peke yake. Akampangusa uso kwa ncha ya kitenge. Halafu akampa simu.

Abigaël, ambaye alikuwa bado kwa wakwe, akapokea haraka, kama aliyekuwa ameishika mkononi.

"Mwambie papa mukwe yako," Bienaimé akasema, "visu yake inakata muzuri. Ninamurudishia mimi mwenyewe. Tiketi nanunua leo."

"Na lile jambo, papa?"

"Ile nitamuambia pale juu ya barafu, na kinywa yangu, sawa vile inafaa. Lakini weye, jua tangu leo." Akavuta pumzi. "Ni ndiyo, mama yangu. Nimekutoa. Ni ndiyo."

Tukamsikia akimwita mtu kwa Kifini huku analia, na miguu mizito ikija kwenye sakafu ya mbao. Mzee Tauno akasema neno moja karibu na simu, kwa sauti ya mtu anayeitikia hodi. Abigaël hakulitafsiri, na Bienaimé hakuuliza.